Tusiwafungie Ndani: Sanaa na Ibada kwa Wazee Wanaoishi na Dimenshia

(Hotuba ya Afisa Ustawi wa Jamii mbele ya mkutano wa wakazi wa kata, uliohudhuriwa pia na Baraza la Wazee, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ngazi ya jamii)

  

Nimekuja na ombi moja, nami nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maelezo. Naomba kata hii itenge mahali pamoja na siku moja katika wiki, ambapo wazee wetu wanaoishi na ugonjwa wa usahaulifu watakutana wasuke, waimbe, wachore, wasimulie na kumkumbuka Mola wao pamoja na wenzao. Kamati ya Maendeleo ya Kata italijadili jambo hili katika kikao chake kijacho. Mimi ni mtaalamu tu, sina kura humo. Ninyi mnaolala na kuamka na wazee hawa ndio mtakaosikilizwa, kwa hiyo ni heri mlijue jambo lenyewe kabla hamjaulizwa.

Wataalamu wa afya huuita ugonjwa huu dimenshia. Ni jina la jumla la magonjwa yanayoharibu ubongo polepole, hata mtu akapoteza kumbukumbu, akashindwa kupanga mambo, akatatizika katika kusema, na mwisho akahitaji kusaidiwa katika kila kitu. Aina iliyoenea zaidi ni ile iliyopewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, na kwamba zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama hii yetu. Basi asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwafuata vijijini wazee wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2013 yakaonyesha kuwa takriban wazee 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Wengi wao hawakuwa wameambiwa na yeyote kwamba wanaumwa.

Nayapita haraka mambo ya tiba, kwa kuwa mganga wa zahanati yuko hapa na atayajibu vyema kuliko mimi. Jambo moja tu nalisisitiza: si kila kusahau ni dimenshia. Upungufu wa baadhi ya vitamini, maradhi ya tezi ya shingo, kaswende ya zamani, sonona, hata maambukizi ya njia ya mkojo, vyote huweza kumvuruga mzee akili, na vyote vina dawa. Masikio yaliyoziba na mtoto wa jicho navyo humfanya mtu aonekane amepotewa, kumbe hasikii wala haoni. Kwa hiyo mpelekeni mzee akapimwe kwanza. Kama ni dimenshia yenyewe, hapo dawa ya kuiponya haipo bado, na ndipo mazungumzo yetu ya leo yanapoanzia.

Tuna usemi katika vijiji vyetu: “Mzee amerudia utoto.” Husemwa kwa huruma, lakini naona una madhara. Mtoto hajajua bado. Mzee amejua, na ujuzi wake haujaondoka wote. Tukimchukulia kama mtoto tunamnyang'anya hata kile kilichobaki: tunamlisha wakati mkono wake ungali unaweza kijiko, tunamjibia anapoulizwa, tunamkalisha barazani tangu asubuhi hadi magharibi kama mzigo unaongoja gari. Na kuna lililo baya zaidi. Wapo wanaofungiwa ndani kwa kufuli kwa kuogopwa kwamba watapotea. Wapo waliokutwa usiku katika ua wa jirani, wamepotewa na njia ya kurudi kwao, wakaitwa wachawi. Nchi yetu imewapoteza vikongwe, hasa wanawake, kwa tuhuma za namna hiyo. Katika kata hii hatujafika huko, lakini mwaka jana mkesha mmoja tulifika karibu, na wazee wa kitongoji walioingia kati usiku ule wanajua ninachokisema. Mama yule alikuwa akitafuta nyumba aliyozaliwa, iliyobomolewa zamani.

Ndiyo maana sikuja kuzungumzia sanaa kama pambo. Mzee anayeonekana na watu akisuka, akiimba na akicheka mchana ni vigumu kumgeuza mchawi usiku. Anayefichwa hujazwa maana na midomo ya watu.

Sasa tuulize: mtu aliyesahau jina la mwanawe anaweza kweli kuimba, kusuka, kubuni? Anaweza, na sababu yake inaeleweka. Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanzia katika sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya. Hivyo mzee husahau kama amekunywa chai, lakini anakumbuka harusi yake. Mambo ambayo mwili umeyarudia maelfu ya mara, kama kusuka, kupiga ngoma, kutwanga, kurukuu na kusujudu, kupiga ishara ya msalaba, yamehifadhiwa kwa njia nyingine, na aghalabu huchelewa kuguswa. Nyimbo nazo hudumu. Mtu ambaye hawezi kukamilisha sentensi moja ya mazungumzo anaweza kuimba beti tatu bila kukosea neno.

Niruhusuni nieleze nilichokiona kwa macho, kwa idhini ya familia husika. Bibi mmoja wa kata yetu, ambaye tangu mwaka juzi hasemi ila maneno mawili matatu, aliwekewa mapajani fungu la ukindu uliokwisha kuchanwa na kutiwa rangi. Hakuambiwa kitu. Alikaa akiutazama kwa muda mrefu kiasi kwamba binti yake alitaka kuuondoa. Kisha alinyoosha mkono kuelekea kwenye bakuli la maji lililokuwa kando, akalowanisha majani, akayapanga kwa vidole, akaanza ukili. Mikono ilikwenda bila macho. Baada ya kama shubiri mbili, mpango wa rangi ulibadilika: pale ambapo jani jekundu lingefuata jeupe, alirudia jekundu mara mbili, kisha akaingiza jeusi, na akaendelea hivyo hivyo kwa utaratibu mpya ambao mabinti zake, wasukaji hodari wote wawili, hawakuwahi kuuona. Binti alisema, “Mama amekosea, tufumue.” Mimi niliomba usifumuliwe.

Nalikazia hili kwa sababu ndilo kiini. Tukisema sanaa inawasaidia wazee, mara nyingi tunamaanisha inawakumbusha ya zamani. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini ule ukili haukuwa kumbukumbu. Lilikuwa jambo jipya, limetoka kwa mtu ambaye wote tulidhani amekwisha kumaliza kutoa mapya. Kama ungefumuliwa, tungemfundisha kwamba hata mikono yake sasa inahitaji kusahihishwa. Sharti la kwanza la mkusanyiko ninaouomba ni hilo: hakuna kufumua kazi ya mzee.

Wasomi wa sanaa wanamjua mchoraji William Utermohlen, Mmarekani aliyeishi London. Mwaka 1995 aliambiwa ana Alzheimer, akiwa na miaka 61. Aliendelea kujichora uso wake kwa miaka kadhaa, mwaka hata mwaka, na picha hizo zimehifadhiwa. Mistari inavunjika, macho yanapotea, mwishoni uso ni kivuli tu. Madaktari huzitazama kuona ugonjwa ulivyoendelea. Mimi naona zaidi ya hapo: mtu aliyekuwa anapoteza kila chombo cha kazi yake, na bado kila alipokaa mbele ya karatasi alikuwa na jambo la kusema kuhusu hali yake, ambalo hakuna jamaa wala daktari angeweza kulisema kwa niaba yake.

Na asiniambie mtu kwamba huyo alisomea. Neno sanaa katika lugha yetu ni neno la mikono ya fundi kabla halijawa neno la picha za kutundika ukutani. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, hakupita katika chuo chochote cha uchoraji, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Marehemu Bi Kidude wa Unguja aliendelea kupanda jukwaani akiwa kikongwe. Katika kata hii kila nyumba ina sanaa: kusuka, kufuma kofia, kuchonga, kutia hina, kushona, kughani, kutega vitendawili, kupiga vigelegele kwa mpango. Hatuhitaji kuagiza mtaalamu kutoka mjini ili aje atuoneshe hayo.

Tahadhari zinahitajika, sikatai. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa milango ya nakshi alikuwa akililia patasi yake, na familia ilihofia, kwa haki kabisa, kumpa chuma chenye makali. Tulimpa msasa na kipande cha mbao. Kijana aliyemletea alimwambia, “Babu, huu mvule.” Babu aliupitisha kidole, akaunusa, akatikisa kichwa. “Mkangazi,” alisema. Ilibidi tumuulize seremala aliyetoa kile kipande, naye akathibitisha kuwa ni mkangazi. Kwa wiki nne mzee yule alilainisha kipande kile kile, na hakuna aliyemwambia kwamba kimeshalainika.

Iko njia nyingine ambayo haihitaji hata ukindu. Mwaka 1998 mtaalamu wa sanaa za maonyesho wa Marekani, Anne Basting, alianzisha mradi wa TimeSlips, ambao msingi wake ni mwepisi kuusema: acha kumuuliza mtu mwenye dimenshia anachokumbuka, muulize anachokifikiria. Swali la “Unanikumbuka mimi?” ni mtihani, na mzee anajua kwamba anaufeli. Swali la “Unadhani huyu anakwenda wapi?” halina jibu lisilo sahihi. Wazee huoneshwa picha, huulizwa maswali ya wazi, na kila wanachosema huandikwa kama kilivyo, hata kama ni neno moja au sauti tu. Kisha husomewa chote kikiwa hadithi.

Tulilijaribu hapa barazani kwa wazee watano, kwa picha ya kalenda ya zamani: jahazi limelala mchangani, halina mtu. Tuliuliza, “Lina nini jahazi hili?” Mzee mmoja alisema, “Limechoka.” Mwingine alisema linangoja kusi. “Nahodha yuko wapi?” Bibi mmoja, ambaye wakwe zake walikuwa wameniambia haelewi tena kinachosemwa, alijibu pale pale: “Amekwenda kuoa.” Anamwoa nani? “Mimi.” Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Mzee wa tatu alikuwa kimya muda wote, na hadithi ilipokuwa ikisomwa kwa sauti alinyanyua mkono akasema, “Mwambieni nahodha maji yanajaa.” Hilo likawa neno la mwisho la hadithi. Mimi sikuona namna ya kuiboresha.

Sasa nije kwenye roho, na hapa naomba masheikh na wachungaji wanisikilize kwa makini, maana wao wana nafasi kuliko idara yangu.

Tom Kitwood, msomi wa Kiingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, alieleza mahitaji ya mtu mwenye dimenshia kwa mfano wa ua. Katikati aliweka upendo. Kuzunguka upendo, faraja, kuwa na wa kushikamana naye, kujumuishwa, kuwa na shughuli, na kujua wewe ni nani. Tazameni orodha hiyo. Karibu yote yamo katika swala ya jamaa na katika ibada ya Jumapili. Mtu anasimama begani kwa bega na wenzake; ana la kufanya, la kusimama, la kuinama, la kuitikia; anaitwa kwa jina; anaambiwa yeye ni kiumbe wa Mungu. Halafu sisi, mara tu anapoanza kukosea rakaa au kuimba wimbo wakati mchungaji anahubiri, tunamwacha nyumbani “asitusumbue.” Tunampokonya kwa siku moja vyote vilivyokuwa vikimshikilia.

Kijana mmoja alinijia kwa uchungu. Baba yake husali Adhuhuri, na dakika chache baadaye hutaka udhu tena asali Adhuhuri. Kila akiambiwa, “Baba, umeshasali,” hulia kama aliyepatikana na kosa kubwa. Nilimpeleka kwa sheikh wa msikiti wao. Sheikh alimwambia kwamba aliyepotewa na akili hana lawama kwa ibada aliyoipita, wala haumii kwa aliyoirudia. Basi amletee maji, amwache asali. Kilio kimekwisha katika nyumba ile. Upande wa pili, nimemwona mama mzee asiyewajua tena wajukuu wake, lakini ukimwekea rozari mkononi vidole vyake hupiga hatua punje kwa punje na midomo inafuata. Padri wa kigango chao humpelekea komunyo nyumbani, na katika dakika zile kumi, binti yake anasema, “Mama anarudi.” Kama anarudi ama hakuwa ameondoka, hilo ni la wanateolojia. Mimi ninalolijua ni kwamba tangu padri aanze kwenda, mama yule halali tena mchana kutwa.

Roho haiishii katika dini peke yake. Kuna mzee ambaye utulivu wake wote uko baharini, na akikalishwa mahali anapoyasikia mawimbi, mikono inaacha kutetemeka. Kuna mwingine ambaye ni harufu ya udi, au ya karafuu, au ya mvua juu ya vumbi. Kuna mama anayetulia anapoachwa apepete mchele. Kila familia inayo maarifa haya; ila hayajawahi kuulizwa na afisa yeyote, na kwenye fomu zetu hakuna mahali pa kuyaandika. Katika daftari la mkusanyiko huu patakuwapo.

Kwa viongozi wa dini nina maombi madogo. Chagueni kaswida na tenzi za zamani, zile walizojifunza utotoni, si za mwaka huu. Ibada iwe fupi, sauti iwe ya taratibu, na vifaa viwe vya kushikika: tasbihi, rozari, msala, msalaba wa mbao. Mzee akikatiza mawaidha kwa dua yake mwenyewe, itikieni amina muendelee. Wakati wa maulidi na wa Krismasi, msimsahau katika kupanga nafasi ya kukaa. Awe karibu na mlango, lakini awe ndani.

Najua pingamizi zilizopo, kwa kuwa baadhi yenu mlishaniambia njiani. Wapo Waislamu wenzetu wasioridhia kuchora viumbe vyenye roho. Hatutamlazimisha yeyote, nakshi, maua na maandishi yana ulimwengu wake, na mafundi wa pwani walijaza milango mizima bila kuchonga hata ndege mmoja. Wapo wanaosema fedha hizi zingenunua dawa. Ningekubali kama tungekuwa tunazungumzia fedha nyingi, au kama dawa ya kuponya ingekuwapo. Na tusitarajie zaidi ya kilichopo: sanaa haiponyi dimenshia. Huko Hai, baadaye, wataalamu waliendesha vikao 14 vya vikundi, mara mbili kwa wiki, vya mazungumzo, nyimbo, michezo ya maneno na kazi za mikono, vilivyotoholewa kutoka Uingereza vikafanywa viwe vya kwetu. Wazee 34 walishiriki. Uwezo wao wa kufikiri ulionekana kuboreka na wasiwasi ulipungua. Ugonjwa haukuondoka. Lakini mwulizeni yeyote anayemuuguza mzee asiyelala kwa wasiwasi, atawaambia thamani ya wasiwasi kupungua.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini: aibu. “Baba alikuwa mtu mzima wa heshima, mnataka watu wamwone akichezea rangi?” Hili nalielewa zaidi ya yote. Jibu langu ni kwamba asipewe vitu vya watoto. Kalamu za nta za darasa la kwanza na picha za katuni za kupaka rangi tuziache shuleni. Apewe ukindu halisi, mbao halisi, ngoma halisi, kitambaa anachoweza kukitambua kwa mkono. Na akikataa, amekataa. Mzee ana haki ya kuja akakaa tu akitazama wenzake.

Kuhusu fedha, nitasema wazi, kwa kuwa jarida hili linasomwa na wengi. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ina mgawo wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao humo. Sera ya Taifa ya Wazee imekuwapo tangu mwaka 2003, na inawatambua wazee kuwa hazina ya taifa, lakini sera haisuki mkeka. Tutakachohitaji ni mafungu ya ukindu, rangi, karatasi, chai na mtu wa kuitengeneza. Kikundi kimoja cha wasukaji kimeshajitolea vipande vya ukindu vinavyobaki kazini. Seremala ameahidi mbao. Mwalimu mstaafu amejitolea kuandika hadithi. Kata inaombwa ukumbi tu, pamoja na ufunguo wake.

Yule anayebeba mzigo huu nyumbani hana budi kutajwa pia. Karibu kila nyumba niliyoingia, anayemuuguza mzee ni mwanamke: binti aliyeacha biashara yake ya maandazi, mkamwana anayenyonyesha huku akimwogesha mama mkwe, mjukuu wa kike anayekosa shule siku za hali ngumu. Saa mbili za mkusanyiko ni saa mbili ambazo mwanamke huyo ataweza kwenda sokoni, kulala, au kwenda zahanati kupima shinikizo lake mwenyewe la damu. Wanaume mliopo hapa, msidhani hamumo. Mzee yule wa msasa alichangamka zaidi siku mwanawe wa kiume alipokaa naye chini akalainisha upande wa pili wa ubao.

Pendekezo ni siku ya Alhamisi, kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Tumechagua asubuhi kwa kuwa wengi wao huzidiwa na mkanganyiko jua linapoelekea kuzama. Ukumbi wa ofisi ya kata unafaa kwa kuwa hauna ngazi, una choo karibu, na una mti wa mwembe nje kwa wasiopenda kuta. Kila mzee aje na mtu anayemjua kwa mara mbili za mwanzo. Baada ya hapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watu watakaojitolea watabaki naye. Njooni na kitu kimoja kutoka nyumbani ambacho mikono yake inakijua, hata kama ni kipande cha kanga. Msimpigie picha za simu na kuzisambaza; kazi zitakazotengenezwa ni mali ya mzee na familia yake, na zitaoneshwa Siku ya Wazee tarehe 1 Oktoba kwa ridhaa yao tu.

Majina yanaandikishwa kwa watendaji wa vijiji kuanzia kesho, kabla ya kikao cha kamati, ili wajumbe waone idadi yenyewe mbele yao. Mzee asiyeweza kutoka kitandani naye aandikishwe. Huyo tutamfuata nyumbani na fungu la ukindu.